Mtoto wa Mwezi wa Kumi na Tisa

Haya ninayoyasimulia hayakutokea kwetu. Kwetu mambo yamenyooka, ofisi zinafunguliwa kwa wakati, na mtoto akizaliwa anakubaliwa siku hiyohiyo. Yalitokea mbali huko, nchi iitwayo Jamhuri ya Tayari. Ukiona kitu kinafanana na cha kwenu, ujue macho yamechoka, kapumzike.

Huko Tayari serikali ilinunua Mtambo. Ilikuwa kompyuta kubwa ya kutunza siku zote za watu wote: siku ya kuzaliwa, ya kuolewa, ya kufanya mtihani, ya kustaafu, na ya kufa kwa wale waliokwisha kujipanga. Ilikuja ndani ya makasha kumi na mawili. Siku ya kuiwasha barabara zilifungwa, watoto wa shule wakapangwa juani na bendera za karatasi, na mgeni rasmi akawa Mtukufu Rais Mlezi mwenyewe.

Mtukufu akakata utepe. Akabonyeza kitufe. Mtambo ukanguruma, ukatoa kwenye kioo swali moja tu, tena la adabu: "Uko nchi gani? Chagua, nipate kufuata desturi za huko za kuandika siku na saa." Chini ya swali ikaja orodha ya nchi, ndefu kama foleni ya maji.

Sasa Tayari haikuwa juu. Ilikuwa chini kabisa, karibu na mwisho, na kuifikia ilibidi mtu ashuke, ashuke, ashuke tena. Na mgeni rasmi hashuki. Ashuke mbele ya mabalozi? Atafute nchi yake kama mtu aliyeangusha sindano? Mtukufu akanyoosha kidole, akabonyeza nchi iliyokuwa juu kabisa, inayong'aa. Makofi yakapigwa mpaka njiwa wakahama paa.

Nchi ile aliyoibonyeza iko ng'ambo. Watu wake, Mungu awazidishie, wanaandika mwezi kwanza ndipo siku. Na saa zao wanaanza kuzihesabu usiku wa manane, si jua linapochomoza kama tunavyohesabu sisi wenye akili zetu. Hilo si kosa lao. Mtu na kwao.

Fundi mmoja wa Mtambo, jina lake Kombo, alikuwa amesimama nyuma ya Mtukufu. Akanong'ona, "Mtukufu, teremka kidogo tu." Kesho yake Kombo akahamishiwa kitengo cha kumwagilia maua.

*

Mtaa wa Kwa Mabati alikuwapo mwanamke mmoja msusi wa nywele, Sikudhani. Alisoma mpaka darasa la saba akakwamia hapo, kwa kuwa mwaka ule nafasi za sekondari zilikuwa chache na majina ya wakubwa yalikuwa mengi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Shani. Na kwa mtoto huyo Sikudhani alikuwa mwoga, hakuna mfano. Shani akikohoa mara moja, anachemshiwa mchaichai. Akikohoa mara mbili, anafungwa kanga kifuani. Mara ya tatu mama yuko njiani kwenda zahanati, mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika kitana.

"Mimi niliishia la saba," alizoea kumwambia. "Wewe hapo upite tu kama unavyopita mlango wa jirani."

Siku moja mwezi wa sita alikuwa anamsuka jirani yake, Mama Kibibi. Kichwa kimefika nusu, upande wa kulia umelala mistari mizuri, wa kushoto umesimama kama kichaka. Shani akatokea na mkoba wake, na saa nne ya asubuhi haijafika.

"Shikamooni. Mama, Mwalimu kasema nisirudi tena."

"Umefanya nini wewe?"

"Sijafanya kitu. Kasema sijazaliwa."

Mama Kibibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hee! Na hayo makelele ya kuruka kamba kila jioni ni ya nani, ya jini?"

Sikudhani hakucheka. Alivaa kandambili zake, moja nyekundu moja ya buluu, akashika njia ya shule. Mama Kibibi akamfuata na nusu kichwa chake, maana umbea haungoji mtu asukwe.

Mwalimu Makungu aliwakuta mlangoni akatazama chini. Alikuwa mwalimu mzuri, ila alikuwa na mke, watoto sita na hofu.

"Mama Shani, si mimi. Ni wilayani. Majina ya watahiniwa wa darasa la saba yamerudi, Shani hayumo. Nimeuliza. Mtambo unasema mtoto huyu kazaliwa mwezi wa kumi na tisa, na huo mwezi haujafika."

"Mwezi wa kumi na tisa? Mwalimu, mimi nimemzaa tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu: 19, kile kistari cha mkwaju, 03."

"Ndivyo. Mtambo unasoma ile ya mbele kuwa mwezi."

"Lakini wewe mwenyewe si umemfundisha miaka saba?"

"Nimemfundisha," Mwalimu Makungu akasema kwa sauti ya chini, "na nimeshaandikiwa barua ya onyo kwa kupoteza chaki ya serikali juu ya mtu ambaye hajazaliwa."

Ukutani palibandikwa tangazo: *Mtihani wa Taifa 09/10*. Mwisho wa kusahihisha majina, mwezi wa nane. Asiye kwenye daftari hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani haendi sekondari. Sikudhani alilisoma tangazo lile mara tatu. Moyo wake ukaanza kupiga ile mipigo ya kikohozi cha tatu.

*

Kesho yake akaenda ofisi ya wilaya. Alifika saa mbili asubuhi, mapema kabisa, akakuta makarani wamelala juu ya meza, wengine wamejifunika shuka, mmoja ana kofia ya sufu na chupa ya chai kifuani.

Msiwacheke. Ofisi za Tayari hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, tangu enzi za babu. Saa hizo waliziingiza kwenye Mtambo vilevile, 1:30 na 9:30, na Mtambo ukazisoma kwa desturi ya ng'ambo. Milango ya serikali ikawa inajifungua yenyewe saa saba na nusu usiku, watu wamelala, na kujifunga saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu ndio kwanza wanafika na bahasha zao. Karani akichelewa kutoka, analala humo mpaka usiku wa pili. Wawili walikwisha kuoana humo ndani kwa kukosa pa kwenda.

"Dada," Sikudhani akagonga dirisha, akagonga mpaka saa tatu ikapita. "Dada, samahani."

Karani akainua uso wenye alama ya muhuri shavuni. "Sema haraka, mlango unakaribia kufunga."

Sikudhani akaeleza. Karani akapiga miayo miwili, akapiga na vitufe, akasoma: "Shani binti Sikudhani. Mwezi wa kumi na tisa, siku ya tatu. Huyu bado, mama. Rudi akizaliwa."

"Ana miaka kumi na mitatu!"

"Hongera. Mimba ndefu."

"Nitamwandika kwa maneno basi. Machi. Kila mtu anaijua Machi."

Karani akamsogezea fomu. Ilikuwa na vijumba vinane vya tarakimu na pembeni pamepigwa chapa: MANENO NI MARUFUKU. Sikudhani akaandika *Machi* juu ya vijumba, herufi kubwa, akazikaza kwa kalamu. Fomu ikatiwa Mtamboni. Mtambo ukaitafuna kidogo, ukaitema.

"Sikiliza, mama yangu," karani akasema, na sasa alisema kwa huruma, maana hata aliyelala mezani ana mama. "Wenzako wote wenye watoto wa tarehe kumi na tatu kuendelea wamechagua nambari nyingine. Sema tarehe tatu. Sema tano. Chochote kisichopita kumi na mbili. Naandika sasa hivi, mtoto anazaliwa, unakwenda nyumbani."

Wazazi wenzangu, pale palikuwa rahisi. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Lakini Sikudhani aliona kitu kinampita mgongoni kama maji ya kisima.

"Hapana," akasema. "Leo nikikupa siku yake, kesho utaniomba jina lake. Keshokutwa utaniambia mama yake ni Mtambo. Siku ile niliikaa mimi, kwa uchungu, toka alfajiri mpaka adhuhuri. Siitoi."

Karani akamtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara. "Basi nitamtia kwenye Daftari la Watarajiwa. Wale tunaowangoja wazaliwe. Yuko peke yake humo, asije akaogopa."

Mlango ukalia *kwaa*, ukaanza kujifunga. Sikudhani akapenya ubavu. Kandambili moja, ile ya buluu, ikabaki serikalini.

*

Usidhani waliozaliwa kabla ya tarehe kumi na tatu walisalimika. Hao Mtambo uliwakubali, ila uliwahamisha. Mtaa huohuo walikuwapo wana wa ndugu, Makame na Shaibu, wa mwaka mmoja. Makame kazaliwa tarehe kumi, mwezi wa kwanza. Shaibu kazaliwa tarehe mbili, mwezi wa tisa. Miaka hamsini Shaibu anamwamkia Makame na Makame anamtuma Shaibu sokoni. Mtambo ukageuza: Makame akawa wa mwezi wa kumi, Shaibu akawa wa mwezi wa pili. Ikaja barua yenye nembo, kwamba kuanzia siku ya kupokelewa, ukubwa umehama.

Katibu kata akaja mwenyewe kushuhudia.

"Haya, Makame. Mwamkie kaka yako."

"Huyu? Huyu nilimfundisha kuvaa viatu!"

"Ni agizo."

Makame akaitazama tena nembo ya barua. "Shikamoo."

"Marahaba," Shaibu akasema, tena akaivuta ile *marahabaaa* kama mtu aliyeingoja nusu karne. "Hebu kaniletee maji ya kunywa, mdogo wangu."

Makame akaleta. Na tangu siku hiyo watu wa Kwa Mabati wakawa wanaulizana asubuhi kwa tahadhari, "Jamani, leo nani mkubwa?"

*

Sikudhani akasikia kwamba fundi aliyeufunga Mtambo yuko bustani ya ikulu ndogo. Akamkuta Kombo na ndoo, anamwagilia mayungiyungi.

"Fundi, nimekuja kwa shida ya mtoto. Mtambo umeharibika?"

"Haujaharibika hata kidogo." Kombo akaweka ndoo. Alikuwa na hamu ya kulisema jambo lile kwa mtu asiye ua. "Mtambo unatii. Uliuliza uko nchi gani, ukajibiwa, ukafuata desturi ya huko. Ukiandika 19/03, kwako ni siku na mwezi. Kwake ni mwezi na siku. Karatasi yenyewe haisemi ipi ni ipi, anayesoma ndiye anayeamua. Ndiyo maana mtu mwangalifu huandika mwezi kwa jina, au kwanza humwambia Mtambo wazi: hapa siku hutangulia."

"Na kuubadilisha ni kazi kubwa?"

"Kidole kimoja. Unashuka kwenye orodha, unabonyeza Tayari, unakwenda kunywa chai."

"Sasa mbona hubonyezi?"

Kombo akatazama kushoto na kulia. "Mama, iko sheria ya itifaki. Kilichobonyezwa na mgeni rasmi hakibonyezwi tena ila na mgeni rasmi asiyepungua cheo. Na aliyebonyeza ni Mtukufu. Nani asiyempungua?"

"Basi abonyeze yeye mwenyewe, si yupo?"

"Yupo," Kombo akasema. Akachukua ndoo. "Na ndilo jambo lenyewe. Mama, muhula wake ulikuwa uishe lini?"

"Krismasi iliyopita. Tarehe ishirini na tano, mwezi wa kumi na mbili."

"Umeandikwaje kwenye Mtambo?"

Sikudhani akaandika hewani kwa kidole: ishirini na tano, mkwaju, kumi na mbili. Kidole kikabaki hewani.

"Mwezi wa ishirini na tano," akasema polepole.

"Mimi sijasema kitu," Kombo akajibu, akaanza kumwagilia mahali palipokwisha kulowa.

*

Mwezi wa nane akafika Waziri wa Nyakati, Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Bwanaheri, kuhutubia uwanja wa Kwa Mabati. Hotuba ilitangazwa kuwa ni ya saa kumi alasiri, Mtambo ukaitangaza ya saa nne asubuhi, kwa hiyo nusu ya kwanza alihutubia viti.

"Ndugu wananchi!" akasema watu walipojaa. "Nchi nyingine zina miezi kumi na miwili. Kumi na miwili tu! Maskini. Sisi, chini ya kidole cha Mtukufu, tuna miezi mpaka thelathini na mmoja, na hiyo ni hatua ya mwanzo. Wapo wanaosema miezi mingine haijaonekana. Nawauliza: na upepo, mmeuona? Vumbi je, si linapaa?"

Makofi.

Sikudhani akanyoosha mkono. Mama Kibibi akamvuta gauni, "Shoga, kaa chini, usituletee balaa," lakini alikwisha kusimama.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi sitaki makubwa. Mwanangu yuko hapa, huyu, mguse ukitaka. Naomba tu afanye mtihani."

Waziri akamtazama Shani, akavaa miwani, akavua. "Namwona, lakini kuona si ushahidi. Mama, una haraka ya nini? Mwezi wa kumi na tisa ukifika atazaliwa kwa shangwe, tutamletea na keki."

"Utafika lini?"

"Baada ya wa kumi na nane."

"Na wa ishirini na tano, Mheshimiwa? Maana nasikia Mtukufu naye ana lake mwezi huo."

Mtu mmoja aliyekuwa anatafuna karanga akaacha kutafuna.

"Sisi ni watu wa sheria," Waziri akasema, jasho likimshuka. "Katiba inasema muhula utakwisha 25/12. Mwezi wa ishirini na tano ukifika tu, Mtukufu ataondoka siku hiyohiyo, hata viatu hatavaa. Kabla ya hapo, mwenye kumhimiza anavunja katiba! Nani hapa anataka kuvunja katiba?"

Hakuna aliyetaka. Wakapiga makofi. Sikudhani akarudi nyumbani akimshika Shani mkono kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anakuja kumchukua kumrudisha tumboni.

Mwisho wa mwezi huo daftari likafungwa. Kila mtoto wa darasa la saba nchini alikuwamo, wenye siku zao na wenye siku za kubuni. Shani peke yake hakuwamo.

"Ulikuwa na nafasi," Shani akamwambia mama yake jioni hiyo, mgongo umegeuka. "Wote mama zao walisema tarehe tano. Wewe hukusema. Sasa nitasuka nywele na wewe mpaka nife."

Sikudhani alikaa akichambua uzi wa kusukia mpaka ukawa nyuzi ambazo hazifai kitu.

*

Tarehe kumi mwezi wa tisa watoto wa shule zote za Tayari walikuwa wanafagia viwanja. Ilikuwa siku ya usafi, na mtihani ulikuwa bado mwezi mzima.

Lakini tangazo lilisema 09/10, na Mtambo ulikwisha kulisoma kwa desturi yake. Mwezi wa tisa, siku ya kumi. Ukafungua mtihani. Ukangoja majibu ya Hisabati saa mbili, ukangoja ya Kiswahili, ukangoja ya Sayansi. Hakuna aliyejibu swali hata moja. Jioni ukafunga, ukasahihisha kwa uaminifu, na kila mtoto nchini akapata sifuri.

Waziri wa Nyakati akaingia redioni akilia kwa furaha.

"Ndugu wananchi! Kwa mara ya kwanza katika historia, mtihani wa taifa umefanyika bila udanganyifu! Hakuna aliyeibia. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna karatasi iliyovuja, kwa kuwa hakuna karatasi iliyotoka! Watoto wote wamelingana, wa tajiri na wa maskini. Usawa huu mababu zetu waliuota, sisi tumeufikia!"

Na ule Mtambo, kwa kuwa uliagizwa utoe mtoto mmoja bora wa kitaifa, ukatafuta. Ukapitia masifuri yote, malaki. Ukafika Daftari la Watarajiwa, ukakuta jina moja lisilo na alama. Si sifuri. Patupu, kistari tu. Asiye na sifuri hakushindwa. Ukamweka wa kwanza.

Barua ikaletwa Kwa Mabati na pikipiki mbili, moja ya barua, moja ya king'ora.

Sikudhani alidhani amekufa mtu. Akaisoma amesimama, akaisoma amekaa. *Shani binti Sikudhani, mwanafunzi bora wa taifa, anaitwa Shule ya Taifa ya Vipaji. Aripoti 05/01, 2:00.*

"Mama," Shani akauliza, "nimefaulu nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Nimemshindaje Kibibi? Kibibi ananipita Hisabati."

Hapo ndipo Sikudhani alipomkumbuka Mama Kibibi. Akatoka mlangoni. Jirani yake alikuwa barazani kwake, kichwa kimefungwa kitambaa. Nywele alikwenda kusukiwa mtaa wa pili, wiki ya pili sasa.

"Hongera," Mama Kibibi akasema bila kumtazama. "Wa kwako hajazaliwa na anakwenda sekondari. Wa kwangu amezaliwa siku yake halali, kafagia uwanja, kapata sifuri. Mungu ana mahesabu yake."

"Usiseme hivyo, mwenzangu."

"Nisemeje? Niseme shikamoo?"

Sikudhani alitaka kukasirika. Hakuweza. Alimwona Kibibi nyuma ya pazia, macho yamevimba, daftari la Hisabati kifuani kama mtoto anayelea mtoto. Akafikiri: kesho Mtambo huohuo ukigeuka, atakayelia ni wangu. Hata Shani haukumpa kitu, umemkosea tu kwa upande wa pili.

"Mama Kibibi," akasema, "una sanduku?"

"La nini?"

"Funga vitu vya mtoto."

*

Tarehe tano mwezi wa kwanza, saa mbili kamili asubuhi, Sikudhani na Mama Kibibi walisimama kwenye geti la Shule ya Taifa ya Vipaji. Shani na Kibibi walikuwa katikati, kila mmoja na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba.

Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye koti la jeshi lisilo na jeshi. Akachukua barua, akaitazama, akatazama kijikioo cha Mtambo kilichopachikwa ukutani.

"Mna matatizo mawili," akasema. "Zero tano na zero moja, hiyo ni mwezi wa tano, siku ya kwanza. Mmewahi miezi minne. Na saa mbili ya Mtambo ni saa nane za usiku. Mmechelewa saa sita."

"Tumewahi au tumechelewa, baba?"

"Vyote. Rudini nyumbani, halafu mje mapema."

Sikudhani alikuwa ameogopa tangu mwezi wa sita. Aliogopa karani, akaogopa Waziri, akaogopa hata ua la Kombo. Pale getini hofu ilimjia tena, ikakuta mahali pamejaa. Akalitua godoro chini, akalikalia.

"Ndani kuna walimu?" akauliza.

"Wapo. Wanangoja wanafunzi."

"Wanangoja leo?"

"Wanangoja kila siku."

"Basi fungua, mtoto aingie."

"Mama, nitaandika nini kwenye daftari? Lina mahali pa tarehe."

"Andika leo."

"Leo gani?"

"Hii uliyosimama ndani yake. Hilo jua unaliona? Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Ulikunywa lini?"

Mlinzi akageuka kutazama kijikioo, kikamwonyesha mambo yake ya ng'ambo. Akarudi kumtazama Shani, ambaye alikuwa anahamisha sanduku toka mkono mmoja kwenda mwingine kwa uzito.

"Nikiulizwa?"

"Sema mama yake ndiye aliyeandika. Nipe kalamu."

Hakumpa. Aliilowesha ulimini mwenyewe, akainamia daftari, na kwenye safu ya tarehe, penye vijumba vinane, akaandika kwa mkono mzito: LEO. Akainua mnyororo wa geti. Shani akapita, akasimama upande wa pili, akageuka.

Mlinzi akaanza kuushusha. Mama Kibibi akamsukuma binti yake mbele.

"Na huyu? Huyu hana barua. Huyu ana sifuri."

"Huyu naye leo," Sikudhani akasema.

Mlinzi akavuta pumzi. Akatazama barabarani nyuma yao. Kule chini, kwenye kona ya kituo cha mafuta, palikuwa panatokea wanawake wengine, watatu, kisha wanane, kisha haikuwa na maana kuhesabu, kila mmoja na sanduku kichwani na mtoto mkononi. Maana Mama Kibibi alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kwa msusi wa mtaa wa pili, akisukwa mbele ya wenzake.

Mlinzi akafunua ukurasa mpya.